Sukari Inapobisha Hodi

Wameingia wawili, theluji mabegani,
viatu wamevivua mlangoni kana kwamba ni kwao.
Kuopio, mwezi wa pili; saa kumi jioni jua limeshaaga.

Mgonjwa ni Veikko. Fomu inasema hivyo, kaijaza mwenyewe:
nimepoteza funguo, nimesahau jina la mjukuu,
umeme wa mwezi mmoja nimeulipia mara mbili.
Tellervo kamsindikiza tu,
na mkoba wa skonzi za iliki
alizooka alfajiri, zimefunikwa taulo.

Utafiti wetu unataka pia watu wazima wenye afya,
bongo za kulinganishia.
"Nichukueni mimi," akasema, "nikae bure kwa nini?"
Akatia sahihi. Mwandiko umesimama wima kama ua wa mbao.

Mimi ni mpiga picha wa vichwa, mwaka wa kumi na nane sasa.
Nachoma sindano ya sukari yenye mnururisho,
nazima taa, nasema: lala, usiwaze kitu.
(Nani aliwahi kutowaza kitu?)
Sukari inatembea damuni,
inabisha hodi chumba kwa chumba;
penye kazi inakaribishwa, inaliwa, panawaka.
Pasipo na mwenyeji, inapita.

Kichwa cha Veikko kikatoka chekundu na njano,
shamba zima linakula.
Mzee huyu haugui. Labda masikio.
Labda jina la mjukuu hakulisikiliza tangu mwanzo.
Nikacheka peke yangu nyuma ya kioo.

Kisha yeye.

Juu ya masikio, kuelekea kisogoni, pande zote mbili,
samawati. Si nyingi. Kama unyevu ukutani
kabla rangi haijaanza kubanduka.
Na kile kipande tukiitacho farasi-bahari,
kinachoishika leo ili kesho isije mikono mitupu,
kimekonda.
Nikapima. Nikapima tena.
Nikatafuta kosa: ametikisa kichwa? mashine imechoka?
Mashine haijachoka.

Kazi yangu ina sheria moja: ona, nyamaza.
Mwenye ulimi ni Daktari Rautiainen,
naye yuko likizo hadi Alhamisi.

Akatoka akijifunga skafu, akauliza habari za mumewe.
"Daktari atawaambia."
"Na mimi?"
"Daktari atawaambia."
Neno nililolitamka mara elfu,
leo limenikwama kama mwiba wa samaki.
Akanitazama vile atazamavyo kinyunga kwenye bakuli,
kujua kimeumuka au bado.
Hakuuliza tena.

Akafunua taulo. "Kula, umekonda."
Nikamega. Laini, tamu, kahawia sawasawa,
na iliki hamna.
Hata chembe.

Nyuma yake Veikko alikuwa akitafuna polepole,
macho kwangu,
akatikisa kichwa mara moja, kidogo: usiseme.
Ndipo nikajua nani alilipa umeme mara mbili,
na nani aliubeba ugonjwa usio wake
kama mtu abebavyo koti la mkewe,
ili amfikishe hapa bila kumburuta.

"Nzuri," nikasema. Nikaomba ya pili.

Mapema, tunasema sisi wa mashine, mapema ndiyo bahati.
Mapema ya nini? Ya dawa inayochelewesha kidogo, labda.
Ya kusaini karatasi za benki mkono ukiwa wake.
Ya kuandika ILIKI kwa herufi kubwa
ndani ya mlango wa kabati.
Sijui. Mimi napiga picha.

Nikaihifadhi yake kwa namba, bila jina, kama sheria itakavyo.
Vidole vilinata sukari kwenye kibodi.

Dirishani nikawaona kwenye maegesho,
magari yote meupe, yote sawa chini ya theluji.
Veikko akageuka huku, akageuka kule.
Tellervo ndiye aliyenyoosha kidole:
lile pale.
Na lilikuwa lile.